Mtaalamu yuko fildi

Mwanachuo wa elimu ya afya kaletwa kliniki ya mama na mtoto aelimishe jamii. Wiki ya kwanza kaelimisha mashine ya fotokopi. Wiki ya pili kapewa akina mama, wako kwenye benchi tangu alfajiri. Umeme hakuna, slaidi zimegoma, basi akawashushia nadharia za mabadiliko ya tabia kuhusu kuharisha. Bibi mmoja akamkatiza: “Mjukuu wangu, maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Haya, tupimie watoto.” Jioni mwanachuo akajaza kitabu chake cha fildi: “Jamii imeelimika.” Msimamizi, ambaye hajawahi kufika, akagonga muhuri.