Namna ya Kumsaidia Mtu wa Delta Bila Kumchosha

Ndugu mfadhili, fedha unazo, moyo unao, na sasa umeiona Kibiti kwenye ramani. Karibu sana. Ila kabla gari halijaondoka Dar es Salaam, shusha ile hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango. Kwenye mashua haiingii, na benki haiipokei. Shusha pia maboksi ya fulana zenye nembo yako. Mtu wa Msala, kijiji cha ndani ya delta ya Rufiji, ana nguo. Anachokosa ni chombo cha uhakika cha kumpeleka mkewe hospitali uchungu ukimshika usiku.

Ukishapunguza mzigo, uliza habari za maji. Ukifika bandari ya Nyamisati gari limemaliza kazi yake, na kuanzia hapo ratiba anaipanga bahari. Maji yakitoka, mashua inakaa juu ya tope, nahodha anawasha sigara, na nyote mnasubiri. Wageni wengi kusubiri hawakuwezi. Basi hufanya mkutano wao Kibiti mjini, kwenye ukumbi wenye feni, wakaita wawakilishi wa vijiji, wakagawa posho, wakaondoka na karatasi ya mahudhurio iliyojaa saini. Waliofika ni wale wenye nauli. Mjane anayelima mpunga kule Mbuchi hakufika, na mradi utakaoandikwa hautakuwa na habari naye. Ukifanya kama wao, pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho ulilokuja kulipunguza umelipanua siku ya kwanza, tena kwa fedha zako mwenyewe. Kwa hiyo nenda na bamvua, lala kijijini, kula unachopewa, na wasikilize wanawake wakiwa peke yao, maana mbele ya wenyeviti huongea nusu.

Sasa tuje kwenye miche ya mikoko, maana najua unayo. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, na kila mgeni anayeiona hutamani picha akiwa amezama magotini na mche mkononi. Picha piga, lakini kwanza uliza tope hilo ni la nani. Kisheria mikoko ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Mjerumani. Lakini wakulima wa kaskazini mwa delta wamelima mpunga humo kizazi baada ya kizazi. Hufyeka pale maji ya mto yanapoizidi chumvi, hupanda, kisha huhamia juu ya dungu kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Adui mwingine ni kaa, anayekata mche mchanga wa mpunga usiku, na kaa na magugu wakizidi mtu huhama shamba. Anayepanda mkoko mahali kama hapo bila kukubaliana na mwenye shamba anachukua chakula cha nyumba hiyo, hata kama nia yake ni kuokoa dunia.

Mwaka 2012 watafiti wawili kutoka Marekani, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, waliandika kwamba upandaji mikoko uliohusishwa na shirika la uhifadhi la WWF ulikuwa unawasukuma wakulima hawa nje ya ardhi yao. WWF na wenzake walipinga vikali. Pande zote mbili zilipata kurasa za jarida la kisayansi za kujibizana. Wenye mpunga hawakuwa na jarida.

Mfano wa kuiga upo, tena wa huku huku. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada waliendesha mradi wa afya wa TEHIP hapa Rufiji na Morogoro. Fedha za nyongeza zilikuwa kidogo, hazikufika hata dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Lakini timu ya afya ya wilaya ilipewa mamlaka ya kuzipanga, na ikapewa takwimu za nyumba kwa nyumba zinazoonyesha watu wake wanakufa kwa nini. Ikapeleka fedha kule maradhi yaliko, malaria na magonjwa ya watoto yakipewa uzito wake. Wanavijiji wakasimamia wenyewe ukarabati wa zahanati zao. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua Rufiji kwa zaidi ya asilimia 40. Hesabu hiyo isome tena, kisha itazame bajeti yako ya semina.

Na usiogope kulipia wanasheria. Najua wafadhili wengi hapa hukunja uso, kwa kuwa kesi haina picha nzuri. Mwaka 1997 serikali iliikubalia kampuni ya African Fishing mradi wa kufuga kamba kwenye delta, katika eneo la hekta zipatazo 10,000, ingawa baraza la mazingira la taifa lilishauri ukataliwe. Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na mawakili wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, waandishi wa habari za mazingira wakapaza sauti nje ya mahakama, na mradi ule haukujengwa. Visiwa vya delta bado vina watu wake na mashamba yao. Kwangu huo ni msaada mkubwa kuliko visima vingi vilivyozinduliwa kwa utepe, kwa sababu uliwaacha watu na kitu cha kudaia.

Kisima nacho chimba, ukiombwa. Ila acha fedha za vipuri, mfundishe fundi wa hapo hapo, na usiweke jina lako kubwa kuliko la kijiji. Usiahidi miaka miwili kwa jambo la miaka kumi.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hesabu za kijiji husomwa hapo mbele ya watu wote. Nenda ukae mkekani nyuma, usiombe kiti cha mbele. Subiri mpaka wamalize kubishana. Wakishaamua wanataka nini na nani atashika daftari, toa fedha zako hapo hapo wakishuhudia, na mkutano ujao rudi usikilize zilivyotumika.