Inchi Tatu za Halali

Simu ililia saa tisa za usiku. Mtu uliye ugenini ukipigiwa simu saa hizo, akili inakimbilia nyumbani Tanga: nani tena? Nilipokea huku nimeshaanza "inna lillahi". Kumbe shemeji.

"Amka, shemeji. Maji yamepata moto."

Yamepata moto maana yake yamefika nyuzi 9 za Selsiasi. Kwetu Sahare maji ya nyuzi 9 tuliyajua kwenye friji la muuza soda, na hapo ni siku umeme haujakatika.

Huyu shemeji, kaka wa mke wangu, ana boti ya futi 19 na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe unaitwa striped bass, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au minane kutoka shingoni hadi mkiani, utadhani alishawekwa juu ya seng'enge ya mishikaki akatoroka. Ghuba za hapa New Jersey hufunguliwa kwa uvuvi wake tarehe 1 Machi, na kuanzia siku hiyo shemeji hali vizuri wala hasikii la mtu. Miaka yote nimemkwepa. Mwaka huu aliniweza: alimuuliza dada yake, mbele yangu na mbele ya wageni, kama ana hakika aliolewa na mtu wa Tanga au ni wa Dodoma.

Nilivaa suruali tatu. Sweta juu ya sweta, na juu yake jaketi la kuokolea, nikawa kama gunia la sufi. Pale Keyport pa kushushia boti, foleni ya matela ilikuwa kama ya magari ya kuvuka Kigamboni, ila hapa hakuna hata wa kukuuzia karanga.

Tulipitia duka la chambo. Babu yangu alikuwa na ngalawa, na chambo chake kilikuwa kibua wa jana au kipande cha pweza. Hakuwahi kukinunua kwa pesa iliyomuuma. Hapa shemeji alinunua minyoo. Minyoo wekundu, kumi na wawili, dola 16, wamelazwa kwenye mwani kama mayai ya mfalme. Wamechimbwa matopeni huko Maine, wakasafirishwa. Nikamwambia shemeji kwamba kwa dola 16 napata nyama ya pilau. Akaniambia nisiguse upande wa kichwa. Nikagusa. Mnyoo yule ana meno manne, na wataalamu wamekuta ndani ya meno hayo mna shaba. Sitaki kujua waligunduaje. Mimi nilishika kidole changu nikazunguka boti nzima.

Basi tukaingia Ghuba ya Raritan. Siwezi kusema uongo, pana uzuri wake: mbele Staten Island, mbali zaidi daraja la Verrazzano, na nyuma kabisa maghorofa ya Manhattan yakiwaka taa kama jiji zima limesahau kulala. Ningepatazama vizuri kama macho yasingekuwa yanatoka maji ya baridi.

Shemeji alizima injini akaanza darasa. Samaki hawa, alisema, bado wana uzito wa baridi mwilini. Wanasogea ghubani kusubiri wakati wa kupanda Mto Hudson kutaga mayai mwezi Mei. Kwa sasa maji mengi ni baridi mno, ila yale ya kina kifupi juu ya matope meusi hupata joto mapema, maana matope hunywa jua. Samaki hufuata huko. Ndiyo maana mwanzo wa msimu saa nzuri ni jua likishafanya kazi yake, na maji yakianza kupwa yanashuka na ule uvuguvugu kutoka vijitoni.

"Kwa hiyo saa nzuri hasa ni ipi?" nikauliza.

"Saa kumi, saa kumi na moja hivi."

"Na sasa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Shemeji, kumi na moja unayosema wewe ni ya alasiri."

Akainama kurekebisha ile mashine ya kuonyesha samaki, ambayo ilikuwa haina tatizo lolote.

Tulikaa. Mashine ilionyesha vitu vya njano vikipita chini yetu, na kila kikipita shemeji alinong'ona "hao, hao", kama mtu anayetazama wageni waalikwa wakipita nje ya mlango bila kubisha. Saa mbili zikaenda. Chai ya chupa ikaisha. Nikapendekeza tusogee upande wa Staten Island, ambako niliona ndege wakizunguka. Shemeji akashtuka kama nimesema tuibe. Mpaka wa New Jersey na New York unapita katikati ya ghuba hiyohiyo, na upande wa New York msimu hufunguliwa tarehe 15 Aprili. Sisi tulikuwa tarehe 11. Samaki akiwa huku ni kitoweo, akivuka mstari ambao hauonekani, yuko likizoni. Na yeye samaki ndiye anayejua kuutumia, maana wale ndege hawakuvuka kuja kwetu asubuhi yote.

Jua lilipopanda, mshipi wangu ukagutuka. Sasa mtoto wa Sahare, mshipi ukigutuka, hana mjadala: unakutua kwa nguvu, samaki anashikwa mdomo. Nikakutua. Ndoana ikatoka kinywani safi, bila samaki, bila mnyoo wa dola moja na senti zake.

"Usivute!" shemeji akapiga kelele. Kumbe tangu 2021 ukitumia chambo cha asili kwa samaki huyu lazima ndoana iwe ile iliyojikunja ncha ikatazama ndani. Ndoana hiyo haitaki kukutuliwa. Unamwachia samaki ageuke nayo, inajinasa yenyewe pembeni ya mdomo, hivyo haimezwi na samaki akirudishwa haendi kufa. Kwa maneno mengine, miaka yote aliyonifunza babu juu ya kukutua imefutwa na kipande cha chuma.

Wa pili nikamwachia. Nikakaza roho, nikatazama pembeni kama mtu asiyedaiwa, mshipi ukaenda, ukaenda, kisha fimbo ikapinda. Ndugu zangu, yule samaki ana nguvu. Dakika kama kumi nilisahau baridi, nilisahau kidole, nikaanza hata kumpenda shemeji. Alipotokea ubavuni mwa boti akiwa na mistari yake ile, nilishamkatia vipande kichwani: kichwa supu, katikati nazi, mkia wa kukaanga.

Shemeji akapiga magoti na rula kama fundi cherehani. Akapima kutoka mdomo hadi ncha ya mkia. Akanyamaza.

"Inchi 33."

"Alhamdulillahi!"

"Amezidi."

Hapo ndipo nilipoisikia sheria yote. Halali ni kuanzia inchi 28 hadi 31, yaani sentimita 71 hadi 79, na ni mmoja tu kwa mtu kwa siku. Akipungua, mrudishe. Akizidi, mrudishe. "Ungekuja mwaka 2022," shemeji akanifariji, "huyu tungemla. Walibana kipimo 2023." Nikamtazama mtu huyu ambaye amesubiri mpaka sheria ibanwe ndipo akanishika vizuri.

Kwetu samaki hupimwa kwa jicho na kwa sufuria.

Baada yangu shemeji akapata wa inchi 25. Akarudi. Kisha tena wa 26. Akarudi. Nilikaa tezi nikahesabu: samaki wanne tumeongea nao, mmoja katoroka, watatu tumewaaga kwa heshima.

Sababu zipo, sikatai. Miaka ya 1970 na 1980 walivuliwa mpaka wakakaribia kwisha. Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwaokoa mwaka 1984, Maryland ikafunga uvuvi wao kabisa kutoka 1985 hadi 1990, nao wakarudi. Huyu ni samaki ambaye huko Massachusetts, mwaka 1639, watu walikatazwa kumfanya mbolea ya shamba. Mwaka 1879 watoto wake wapatao 132 walichotwa Mto Navesink, hapo jirani tu, wakapandishwa gari moshi mpaka California, na uzao wao uko huko hadi leo. Hakuna aliyewauliza karatasi. Mimi viza yangu ilichukua miaka miwili.

Na ukibahatika kumpata wa halali bado hujamaliza. Kumuuza New Jersey ni marufuku. Kumla nako serikali inakushauri uhesabu mara zako, kwa sababu ya kemikali ambazo viwanda vilimwaga Hudson mpaka miaka ya 1970.

Saa sita mchana, upepo ulipoanza kututia maji usoni, shemeji akasema tufunge. Saa sita! Yaani maji ndiyo kwanza yanaanza kupata lile joto lake, na sisi tunakwenda nyumbani. Nilikuwa sina tena nguvu ya kusema.

Jioni tulikula kuku.

Minyoo saba waliobaki wako kwenye friji yangu, nyuma ya chupa ya ukwaju, kwenye kikopo alichofunga shemeji akisema watafaa Jumamosi. Shemeji, najua unanisoma. Njoo uwachukue leo, kabla dada yako hajafungua kile kikopo akidhani ni tambi.