Kijitabu na Mjomba wa Ipogolo

Anayejifunza gari Mbeya hakosi walimu. Fungua kijitabu cha alama za barabarani ndani ya daladala ya Uyole, na kabla hujafika Mafiati konda ameshakufundisha nani aanze kuingia kipilefti, mama mwenye ndoo ya maparachichi ameshampinga, na mzee wa siti ya nyuma analalamika kuwa leseni za siku hizi zinatolewa kama peremende.

Mimi nilikwenda kusomea Iringa, kwa mjomba. Mjomba anakaa Ipogolo, na ameendesha semi za Tunduma mpaka magoti yalipomkatalia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono apewe kijitabu. Akakishika mbali na uso, kama mtu anayesoma bili ya maji ya jirani.

"Gari likiharibika, weka pembetatu inayoakisi mwanga," akasoma. Akacheka hadi akavua kofia. "Mlima Kitonga? Utairudia pembetatu yako uikute?"

Kwake yeye, gari likizima unavunja matawi mabichi na kuyapanga barabarani kuanzia mbali, moja moja, mpaka kwenye tairi. Kila dereva wa barabara ya Zambia anayasoma matawi hayo hata usingizini, ingawa kijitabu hakiyataji. Shida ni kwamba gari likishatengenezwa hakuna anayeyaondoa. Kesho yake watu wazima bado wanapunguza mwendo kwa heshima, wakilipisha lori ambalo limeshavuka mpaka.

Nikauliza kuhusu kuegesha mlimani. Nilikuwa nimekariri: handibreki, gia, geuza tairi. Mjomba akaingia stoo, akatoka na kigingi cha mti chenye kamba, cheusi kwa dizeli, upande mmoja kimechongwa na meno ya tairi. Akakiweka mezani, kando ya sahani ya ugali.

"Hii ndiyo handibreki."

"Hiyo handibreki yako inahamia nje sasa hivi," akasema mkaza mjomba, "la sivyo ugali mtakula na taniboi wako."

Kwenye jambo moja tu mjomba na kijitabu hawakugombana: kushuka mlima. Hapo hakutania. Gia uliyopandia Kitonga ndiyo ya kushukia, akasema. Anayetegemea breki peke yake zinapata moto, na zikishapata moto mguu unakanyaga hewa. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba mboga.

Somo la taa lilitumaliza. Kitabu kinasema indiketa ya kushoto maana yake dereva anakata kushoto au anataka kuegesha. Mjomba anasema lori la mbele likikuwashia ya kushoto mlimani, linakuruhusu upite, mbele kweupe. Likiwasha ya kulia, tulia nyuma, kuna gari linakuja. Na gari linalokuja mbele yako likikuchezea taa kubwa, shuka hadi 50, kuna trafiki. Nikarudi Mbeya na barabara mbili kichwani.

Chumba cha mtihani kilijaa vijana wa bajaji na dada mmoja aliyekuwa akisogeza midomo kama anayesali rozari. Kwenye alama nilikwenda vizuri: pembetatu yenye ukingo mwekundu, onyo, duara jekundu, katazo. Kisha askari akaninyooshea kalamu.

"Uko nyuma ya lori mlimani. Limewasha indiketa ya kushoto. Unafanya nini?"

Nyuma yangu kijana akanong'ona, "Pita, kaka, amekuruhusu!"

"Nani huyo?" askari akauliza. Chumba kizima kikaanza kukagua viatu.

Nikajibu la kitabu: napunguza mwendo, huenda anakata kona au anaegesha. Akaweka vema.

Jioni nikampigia mjomba simu kumweleza kuwa nimefaulu. Hakunipongeza. Alitaka kwanza kujua maswali, na nilipofika kwenye lile la lori akaguna muda mrefu.

"Huyo askari ameshawahi kufika Iringa?"

"Anatokea Mafinga, mjomba."

"Basi," akasema, "anajua. Alitaka tu kukuona."