Sifa za Sufuria Isiyorudishwa

Harusi iliyofanyika haina shida. Masufuria yaliyoazimwa kwa majirani yanajulikana, mwenye harusi ana haya zake, na kufikia Jumatatu kila mtu amerudishiwa chake. Shida ni harusi iliyovunjika Ijumaa jioni, mchele umeshachambuliwa na moto umeshawaka. Wakwe wanaondoka wamenuna, mama mwenye nyumba anajifungia ndani kulia, na sufuria moja kubwa ya jirani inabaki nyuma ya jiko mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sufuria hiyo haijawahi kupata mtu wa kuisifu. Leo amepatikana, na sufuria yangu imo ndani ya kompyuta.

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 na inaendeshwa na Linux. Nilinunua sokoni kidude cha Wi-Fi ambacho mashine haikitambui mpaka ipakiwe moduli yake, yaani kipande cha programu kinachoungwa kwenye kiini cha mfumo, na moduli hiyo kijana wangu wa kazi aliipata kwa mtu, ndani ya flashi. Kila akiipakia, inakataa. Na kila ikikataa, inaacha kipande cha kumbukumbu ndani ya kiini cha mfumo, tuseme kilobaiti 64, ambacho hakirudi tena.

Mtu ataniambia nifunge programu, yaishe. Hajui ukubwa wa jambo. Programu ya kawaida ikifa, kiini huja kama msimamizi wa mirathi, kinakusanya kila ilichoacha. Lakini kinachoazimwa na moduli kinaazimwa kwa jina la kiini chenyewe, na kiini hakina wa kukirithi. Kikisahaulika humo, kimesahaulika hadi mashine izimwe. Ni mdeni gani mwingine ana cheo hicho?

Waandishi wa Linux wanajitahidi kumzuia mdeni huyo, sikatai. Kiini kinapopakia moduli hunakili faili lake lote, hulikagua, huitengea moduli mahali pake pa kukaa, huunganisha majina yake na majina ya kiini, mwishoni huiita ianze kazi. Ikianza vyema, hata sehemu iliyotumika kuanzia tu hurudishwa, kama wapishi wa kukodi wanaoondoka wageni wakishashiba. Ikishindwa katikati, kila kilichochukuliwa kirudishwe kwa kinyumenyume: cha mwisho kwanza. Linux hufanya hivyo kwa amri ya goto, ya kuruka hadi mstari mwingine, ileile ambayo Dijkstra aliishtaki hadharani mwaka 1968 na walimu wanaikataza mpaka leo. Ngazi nzima ya goto, kila kidato kinarudisha sufuria moja. Mwandishi wa moduli akiruka kidato kimoja, mdeni wangu mpendwa amezaliwa.

Na tazama adabu yake. Hapigi kelele, haandiki kosa kwenye kioo. Tangu mwaka 2009 Linux ina mlinzi aitwaye kmemleak, kazi ya Catalin Marinas, ambaye akiwashwa hupitia kumbukumbu kila dakika 10 akiuliza kila kipande: kuna yeyote anayekuelekea? Kisichoelekewa na yeyote anakiandika kuwa yatima. Anaandika tu. Hafuti chochote, sawasawa na shefu wa mtaa wangu na daftari lake la mifereji iliyoziba.

Kwa wakubwa mambo ni mengine. Mwaka 2023 watunzaji wa Linux walihangaika na kompyuta zenye vichakata mamia: zikiwashwa tu, moduli moja huombwa mara nyingi kwa pamoja, kila ombi likitenga kumbukumbu yake, kisha zote isipokuwa moja zinatupwa. Ni kama kutuma watoto wote wa mtaa kisimani kwa ndoo moja ya maji. Umaskini wa mashine yangu unaniepusha na fedheha hizo. Nimepiga hesabu: ili kilobaiti 64 zimalize gigabaiti 2, kijana lazima ashindwe mara 32,768. Akishindwa mara kumi kwa siku, ni kama miaka tisa, na jenereta tunayochangia huzimwa kila siku saa tatu usiku. Ulaya wanalipa wahandisi wafanye kazi ambayo hapa inafanywa na uhaba wa mafuta.

Lakini sifa yake kubwa wanaijua watu wa Kasongo kuliko mhandisi yeyote. Katika miaka ya 1870 watu wa pwani na mfanyabiashara wao Tippu Tip walipakia hapa moduli iliyokula pembe na watu. Haikuwa moduli njema, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Aprili 1893 jeshi la Dhanis, ofisa Mbelgiji, likaing'oa. Mji ulihamishwa, mahali pa zamani pakabaki na jina la kipwani, Tongoni, yaani mahame. Lakini aliyeng'oa hakufagia. Mpunga ulibaki mashambani, sala ikabaki, na lugha hii ninayokuandikia ikabaki imelala ndani ya kiini, haina mwenyewe wa kuidai. Wabelgiji nao waling'oka mwaka 1960, wakasahau mihuri. Mihuri ndiyo inayonilisha: hakuna karatasi yenye muhuri isiyohitaji fotokopi tatu. Laiti Tippu Tip na Dhanis wangekuwa waandishi hodari wa goto, mimi ningekula nini, na ningelalamika kwa lugha gani?

Jana kijana amenijia anameremeta. Ameiona kasoro: mstari mmoja unaruka kidato, neno moja likibadilishwa kila kitu kinarudi mahali pake.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

"Papa, ningoje nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Akainamia kibodi, akafuta neno la zamani, akaanza kuandika jipya. Huko nje jenereta ikakohoa mara mbili, kioo kikawa cheusi, na kilobaiti zangu zote zikarudi kwa mwenyewe pamoja na masahihisho yake, ambayo alikuwa hajayahifadhi.