Jinsi ya Kumlinganishia Mzee Dawa za Kutetemeka Bila Kumsumbua Daktari

Hongera. Mzee kaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, na kikao cha ukoo kimekuteua wewe, uliyepata sifuri ya kemia kidato cha nne, uwe mfamasia wake.

Anza na maboksi. Sinemet ya 275 na Madopar ya 250 zote zina levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Toa namba ndogo kwenye kubwa, zibaki 25, useme tofauti si kitu. Boksi usiligeuze. Ukiligeuza utasoma kwamba ile ya 275 ina levodopa miligramu 250 na kabidopa 25, na ile ya 250 ina levodopa 200 na benserazidi 50. Tena utajua kwamba hao wasindikizaji hawatibu mtetemeko: wapo kuizuia levodopa isigeuke dopamini njiani kabla haijafika kichwani, ikamwacha mzee anatapika. Mambo marefu, na wewe una haraka.

Anatapika hata hivyo? Nenda duka la dawa, omba Plasil. Huzuia kutapika kwa kuifungia dopamini mlango, pamoja na hii mnayoinunua kwa pesa za michango. Mzee akizidi kukakamaa, tangaza kwamba ugonjwa umepanda. Daktari pengine angechagua domperidoni, isiyopenya sana ubongoni, ila tulishakubaliana asisumbuliwe.

Sasa pramipeksoli, uwanja wa mabingwa. Binamu wa Uingereza ametuma vidonge vya 0.7, shemeji wa Marekani ametuma vya 1. Amua kwamba vya Uingereza ni dhaifu, umwongezee mzee kimoja. Kumbe ni dawa ileile kwa kiasi kilekile: huku wamepima dawa peke yake, kule wameipima pamoja na chumvi iliyoungwa nayo. Na mzee ambaye hajawahi kuweka hata shilingi kwenye bao akianza kubeti mechi za usiku wa manane, msifu kwamba amechangamka. Kamari ni mojawapo ya tamaa ambazo dawa za kundi hili, ropiniroli ikiwemo, huweza kumwamshia mtu, lakini nani atamwambia daktari habari za aibu hivyo?

Kidonge cha kutoa dawa polepole kikimkwama kooni, kitwange. Dozi ya saa nyingi itamwagika yote kwa mkupuo. Kisha mpe na sahani ya maharage, maana protini hugombania na levodopa njia ileile ya kuingia mwilini.

Jirani atakuja na upupu. Usimcheke, mbegu za upupu zina levodopa kweli. Kasoro yake ni kwamba ganda halijaandikwa miligramu, wala halina kabidopa ndani. Kwa hiyo mpe vyote viwili, kila upande uridhike.

Siku ya kliniki, daktari hatauliza boksi lipi lina namba kubwa. Atauliza mzee anameza saa ngapi, anakakamaa saa ngapi, na dozi ya mchana inamwishia saa ngapi. Fungua daftari umsomee bei. Saa zote hizo anazijua mama, lakini yeye mmemwacha nyumbani, kwa kuwa gari lilijaa wajomba.