Barua ya Wazi kwa Wanaohesabu Ushiriki

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Masomo ya Mtandaoni,

Baada ya salamu na taadhima zote ziwastahilizo watu wa cheo chenu, mimi mlezi wa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo chenu, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa sifa zake zimekwisha kuenea kiasi cha kutohitaji tarumbeta yangu, nimeona ni wajibu niwashukuruni hadharani kwa waraka mliotuletea muhula huu, ule utangazao kwamba wanafunzi wote, bila ya kujali hali wala mahali, watashirikiana kwa usawa katika kazi za vikundi mtandaoni, na kwamba ushirika wao utahesabiwa na mtambo wenyewe, usiojua upendeleo wala huruma, kisha utiwe katika alama za mwisho. Nimeusoma waraka huo mara ya kwanza kwa furaha, na mara ya pili kwa miwani.

Mtambo wenu, kwa insafu isiyosumbuliwa na jiografia, uliwakusanya katika kikundi kimoja vijana sita: mmoja wa Mbezi, Dar es Salaam, katika nyumba iliyoingizwa waya wa faiba, mmoja wa Newala, mmoja wa Kasulu, na watatu wa mkoa wetu wa Tanga, akiwamo mpwa wangu niliye naye hapa Pangani. Wakaamriwa wote wakutane kwa video saa mbili usiku, kamera zikiwa wazi ili sura zao zithibitishe kuwa hawakutuma majina matupu. Amri hiyo ni ya hekima, maana tangu zamani walimu wamehitaji kuziona nyuso za wanafunzi wao. Ila video hula kifurushi kama mchwa alavyo mkeka, na mwenye kifurushi hicho ni mimi. Kikao chenyewe hufanywa kwa Zoom ya bure, ambayo hukata mazungumzo ya kikundi baada ya dakika 40, kwa hiyo vijana hujifunza fadhila moja ambayo nadhani haimo katika mtaala wenu, nayo ni kusema upesi na kuagana kabla ya kuelewana.

Sisi wa pwani hatuwezi kudai kwamba hatukuletewa neema. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukaanza kazi mwaka uliofuata, tukaambiwa kuwa umbali umekufa na kuzikwa chini ya bahari. Hapana shaka waya upo. Kilichobaki ni safari ndogo ya kutoka ufukweni hadi Kasulu, na safari nyingine, iliyo ndefu zaidi, ya kutoka mnarani hadi mfukoni mwa mtu asiye na salio. Na kwa insafu ya kweli sharti niseme kwamba usawa mnaoutangaza umewahi kupatikana: ilikuwa Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika baharini kwa pamoja, mtandao ukazorota nchi nzima, na kwa muda yule wa faiba na yule wa vocha wakawa ndugu moja, wakikitazama kiduara kimoja kikizunguka katika kioo. Sijui kama Kamati iliirekodi siku ile miongoni mwa mafanikio yake.

Niruhusuni sasa nieleze namna ushiriki ulivyohesabiwa, maana hapo ndipo hekima yenu iliponishinda kabisa. Wale wawili wa mkoani, mmoja wa Muheza na mmoja wa Tanga mjini, walipoona kuwa fedha zao hazitoshi kujiunga kifurushi kila mtu peke yake, walipanda basi wakaja kwangu, wakaketi barazani na mpwa wangu, wakaiweka simu moja ndani ya bakuli la kauri ili sauti ipate nguvu, na kwa muda wa saa tatu nzima wakabishana juu ya sura ya nne ya kitabu chao kwa ari ambayo sijaiona hata katika mikutano ya kugombania mipaka ya mashamba. Mmoja aliandika rasimu katika daftari, wa pili akakosoa, wa tatu akaichapa kwa kidole gumba herufi baada ya herufi. Na nilipowapelekea chai waliniomba nami niamue hoja moja, nikakataa kwa kuchelea kufeli. Kama kuna ushirika wa kujifunza katika dunia hii, basi nimeushuhudia kwa macho yangu, umekaa juu ya mkeka wangu. Lakini mtambo uliona akaunti moja. Mpwa wangu akapewa alama za kiasi, na wenzake wawili, waliotoa nauli na akili zao, wakaandikiwa kwamba hawakushiriki.

Wakati huohuo kijana wa Mbezi, ambaye simlaumu hata chembe, maana ni mwerevu na amezielewa kanuni zenu kuliko ninyi mliozitunga, alikuwa akipita katika kila mjadala na kuandika "Naafiki", na alipochoka na hilo akaandika "Hoja nzuri sana, ndugu", mpaka mtambo ukamkiri kuwa ndiye kinara wa kikundi. Waheshimiwa, mmefaulu kutengeneza mizani ipimayo wingi wa kugonga mlango na isiyojali aliyeingia ndani alifanya nini.

Habari za yule wa Newala ni fupi na nzito. Ni kijana asiyeona, na kompyuta yake mpakato ina NVDA, programu isomayo maandishi kwa sauti, ambayo Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kuitengeneza mwaka 2006 na ambayo hadi leo hutolewa bila malipo. Basi programu ya bure ipo, kompyuta ipo, na akili ya kijana ipo. Kisichokuwapo ni herufi, kwa sababu makala aliyopewa ilikuwa picha za kurasa za kitabu, zilizopigwa upandeupande, kivuli cha mkono wa mpigaji kikiwa kimelala juu ya aya ya pili. Programu ilitafuta neno la kusoma, isilione, ikanyamaza. Kiongozi wa kikundi aliposhitaki, akajibiwa kwamba makala imewekwa mahali panapofikika na wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nchi yetu ikauridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Nakumbusha haya kwa adabu tu, kwa dhana kwamba nakala zenu nazo huenda zilihifadhiwa kwa picha. Wasiosikia nao wana kadhia yao: kamera zikizimwa ili kuokoa kifurushi hawana mdomo wa kuutazama, na mkalimani wa lugha ya alama, akiwapo, huonekana katika simu kwa ukubwa wa stempu ya barua.

Liko jambo moja ambalo limenifanya niamini kuwa miongoni mwenu yumo mtu mwenye kipaji cha ucheshi. Kazi zote za vikundi mmeamuru ziwasilishwe kabla ya saa 5:59 usiku. Kila mwanafunzi asiye na uwezo anajua kwamba vifurushi vya usiku, vile vya bei nafuu, aghalabu huanza kutumika saa sita kamili. Kwa hiyo mlango wenu hufungwa dakika moja kabla ya maskini kufunguliwa wake. Nimejitahidi kulifikiria hili kuwa ni sadfa, nikashindwa.

Na lau dawa ingekuwa ghali, ningenyamaza. Lakini Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni ambayo Martin Dougiamas aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na ambayo chuo chenu kinaitumia, ina programu ya simu iwezayo kupakua masomo yakasomwa bila ya mtandao, na ina mabaraza ya maandishi ambamo mtu wa Kasulu aweza kuchangia umeme urudipo, bila ya kuonyesha uso wake wala kumaliza salio. Kuandika majina matatu chini ya kazi iliyofanywa kwa simu moja hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kunahitaji kumwamini mwanafunzi kidogo, na kumwambia mwalimu asome kilichoandikwa badala ya kuhesabu mara ngapi kimeandikwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kiwafundishe watu walipo, kiliona haja ya kuwa na vituo mikoani. Maana yake ni kwamba watu wazima waliwahi kuketi wakafikiri kuwa mwanafunzi wa mbali naye ana mahali anapokaa. Ninyi mnayo majengo ya serikali kila wilaya ya kuombea meza moja na umeme, wala sijasikia kuwa mmewahi kubisha hodi.

Sitaki mniletee waraka mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza bado tunausherehekea. Kazi ya pili ya vikundi imepangwa kuwasilishwa Ijumaa. Nawaombeni muisogeze mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, muwarudishie alama zao wale wawili waliokaa barazani kwangu, na makala ya yule kijana wa Newala ichapwe upya kwa herufi kabla ya siku hiyo.

Wenu katika utii,
Mlezi wa mwanafunzi, Pangani