Oringi Mbili

Hakuna namna ya kuingia Katesh kwa heshima huku gari lako likivutwa na trekta. Trekta halikimbii ukapita upesi, wala halisimami ukashuka na kujichanganya na watu. Unabaki nyuma ya usukani mgumu, mguu kwenye breki, na kila anayekufahamu kuanzia barabara ya Basotu hadi stendi anaona ni wajibu wake kuuliza kwa sauti, "Vipi, imekufa?" Kushoto kwangu alikaa mama mkwe, amelikunja shuka lake mapajani kuficha pale palipoungua, amenyamaza ule unyamavu ambao binti yake atanisimulia mwaka mzima. Na mbele ya gereji alikuwa amesimama fundi aliyenikabidhi gari hilo jana yake jioni baada ya kubadilisha oili na filta, mkononi ana chapati. Dereva wa trekta hata hajazima, fundi akatoa hukumu.

"Hiyo imenoki, mzee. Ulipita nayo wapi?"

Ulipita nayo wapi! Yaani barabara ya Serikali ndiyo mtuhumiwa namba moja, na mimi niliyeipita ni namba mbili. Wao, waliokuwa chini ya gari hilo na spana jua likizama, hawamo hata kwenye orodha ya mashahidi.

Noah yenyewe ni ile ya zamani, ya injini ya 3S, ambayo Toyota waliiweka chini ya viti vya mbele. Wenzetu hufungua boneti; sisi hunyanyua kiti. Ndiyo kusema ukimpa mkweo kiti cha mbele kwa heshima, umemkalisha juu ya silinda nne, na kinachowatenganisha ni sponji na bati.

Tulikuwa tumetoka Katesh alfajiri kwenda Haydom, kwenye hospitali ile ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, ambako mama mkwe huhudhuria kliniki. Ni Julai, na baridi ya Mlima Hanang, ule wa mita zaidi ya 3,400, ilikuwa bado haijaamua kuondoka. Mpaka kwenye mashamba ya ngano ya Basotu mambo yalikuwa shwari. Hapo mama mkwe akanigeukia.

"Baba, hiki kiti kina homa?"

Nikamwambia ni injini imepata joto, ni kawaida.

"Na harufu hii nayo ni kawaida?"

Kabla sijajibu, taa nyekundu ya birika, ile ya oili, ikawaka. Nyuma yangu Fuso la magunia linapiga honi, barabara nyembamba, na tunapanda. Nikaulenga mgunga mmoja uliokuwa mbele kidogo ili nipishe. Ko, ko, ko, kisha mlio mmoja mzito, kisha kimya. Tulipoinua kiti kuangalia, moshi ulitupiga usoni na shuka la mama likagusa bomba la moto. Nyuma yetu mstari mweusi ulikuwa umejichora kwenye vumbi, umeanza mwembamba kule chini na kunenepa kila ulipotukaribia.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana tangu siku hiyo siwazi kitu kingine. Wengi tunajua oili inasaidia chuma kinaposuguana na chuma. Kumbe injini ikiwa nzima na inazunguka, ndani mle krenki haigusani na chuma kabisa! Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ukienda mizunguko 3,000 kwa dakika ni mara 50 kila sekunde, na hauzungukii juu ya kitu kigumu. Unaelea. Kati yake na zile metali zinazoukumbatia kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaopokea kishindo chote cha petroli inapolipuka. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Akatoboa tundu juu ya beringi ili aingizie mafuta. Mafuta yakakataa kuingia. Badala yake yakaanza kutoka, yeye anayatazama. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita mwisho wa vipimo, zaidi ya paundi 200 kwa inchi ya mraba, na hakuna pampu iliyokuwa ikisukuma chochote. Ekseli yenyewe, kwa kule kuzunguka tu, ilikuwa ikijivutia mafuta na kujitandikia. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaonyesha kwa hesabu kwa nini inakuwa hivyo.

Lakini utando huo lazima ulishwe. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampo, huipitisha kwenye filta, kisha huigawa injini nzima, na gari likiwa mwendoni msukumo wake huweza kuzidi upepo uliomo kwenye matairi. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, ndiyo zaidi. Sasa kinachozuia msukumo wote huo usitoke nje ni oringi, mpira mmoja mweusi kwenye mdomo wa filta. Filta hufungwa kwa mkono: unaipaka oringi oili mpya, unazungusha mpaka iguse, unaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Shida ni filta ya zamani. Ikikaa sana, mpira wake hushikamana na injini. Unafungua filta inatoka, mpira unabaki juu. Usipopapasa kwa kidole hujui. Ukifunga mpya hapo una oringi mbili zilizobebana, ya ndani imekauka na ya nje haina pa kukaa. Gari litawaka, litaondoka, litakufikisha hata Basotu. Kisha ile ya nje inateleza upande mmoja, na oili yote inaishia barabarani.

Ndivyo nilivyoikuta. Nililala mwenyewe juu ya maboksi pale gereji, nikaifungua filta, mama mkwe ameinama anashuhudia. Oringi mpya ilikuwa imechomoza nje upande mmoja, imebanwa mpaka imechanika nusu. Juu yake, imegandamana na chuma, ilikuwa ya zamani: bapa, inang'aa, ngumu kiasi kwamba ukucha haukuingia. Niliibandua kwa bisibisi, nikazipanga zote mbili kiganjani na kumwonyesha fundi.

Akazitazama kwa huzuni ya mtu aliyeonyeshwa picha ya msiba wa mbali. "Filta ulinunua wewe," akasema.

Ni kweli, huku kwetu mteja ndiye anayetumwa duka la spea. Nikaenda dukani. Muuzaji akasema filta haijifungi yenyewe, na akanionyesha maandishi chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nikarudi gereji. Fundi akawa amepata wazo jingine: huenda kiwandani walisahau wakaweka oringi mbili. Baada ya hapo likaja jiwe, ambalo lazima nililigonga. Jiwe liliposhindwa kuacha alama popote, ikaja taa.

"Taa iliwaka ukiwa wapi, na ulisimama wapi?"

Nikasema nilisimama kwenye mgunga.

"Mmeona!" akawageukia vijana wa bodaboda, ambao walikuwa wameshajipanga kama baraza. Kuanzia hapo kesi ikahama kutoka kwenye filta ikaenda kwenye umbali kati ya taa na mti. Mmoja alisema ni mita mia tatu. Mwingine akasema anaufahamu mti huo na ulishakatwa. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu mpira. Na ile taa haipimi oili iliyobaki. Inasubiri msukumo uporomoke karibu na sifuri ndipo iwake. Haitoi onyo, inatangaza msiba.

"Gari ni chombo cha moto, mzee," fundi akahitimisha. "Lolote linatokea."

"Moto niliukalia mimi," akasema mama mkwe. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Basotu.

Hapa mzaha unaniishia. Aliyefunga filta ile si fundi. Ni kijana anayeitwa dogo na kila mtu, anayejifunza kwa kusogeza spana na kulipwa chakula cha mchana. Hakuna aliyemwambia apapase. Babati kuna chuo cha VETA, na mamlaka hiyo ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti. Ukuta wa gereji ile una kalenda tu. Hakuna daftari linalosema gari liliingia na kilomita ngapi, likawekwa oili gani, nani alifunga nini. Kila kitu ni maneno ya mdomo, na mwenye mdomo mpana ndiye mwenye ushahidi. Ufundi nililipa elfu kumi na tano. Injini ya mtumba, kwa hesabu ya mnada wa Katesh, ni ng'ombe wawili, na si ndama. Tofauti hiyo inaangukia kwa mwenye gari kila mara, na tumezoea kuiita bahati mbaya.

Sheria tunayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze vile ambavyo mtu wa busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Lakini kukimbilia mahakamani Hanang kunahitaji moyo. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, kwa kuwachukulia ardhi ili kulima ngano hiyohiyo iliyonizunguka nilipokwama, ile iliyolimwa kwa msaada wa Kanada. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Ikiwa kijiji kizima kilishindwa kuthibitisha ardhi ambako ng'ombe wake walikuwa wakilishwa, mimi na oringi zangu tutathibitisha nini?

Aliyegeuza upepo ni mama. Yeye ni Mbarabaig, na kwao wanawake wana baraza lao wenyewe, ambalo huweza kumtoza ng'ombe mwanamume aliyemkosea mwanamke. Akaifunua ile sehemu ya shuka iliyoungua, akauliza kwa sauti ya chini kama fundi ana dume jeusi nyumbani. Fundi, ambaye ni Mwiraqw wa Dongobesh na anawajua majirani zake, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, tusifike huko," akasema. "Tumwite mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kitongoji alizigeuza oringi zile mkononi kwa muda mrefu, akaandika uamuzi kwenye daftari la shule: injini nitanunua mimi, fundi ataifunga bure, duka la spea litatoa filta mpya, na dogo asifukuzwe. Wote tukatia saini. Muuzaji alitoa filta siku hiyohiyo, chapa ileile.

Yaliyofuata ni madogo. Betri iliibwa gari likiwa gereji. Taa ya nyuma niliiona Endasak kwenye Noah ya mtu mwingine. Mama mkwe anakwenda Haydom kwa basi na kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Kwa hiyo, msomaji uliyepo Babati, Singida, Karatu au Mbulu mjini: ukiwa na injini ya 3S iliyo nzima, na ukawa radhi tuisikilize ikiunguruma kabla sijatoa hela, njoo Katesh uniulizie kwa mwenyekiti. Ufundi ni wa bure. Filta nitafunga mwenyewe.